Chow mein ni nini, na kwa nini lo mein si jina lake la pili

Kila kiangazi, bustani za nyumbani zinapoanza kutoa mboga kuliko familia inavyoweza kuzila, maelekezo ya kupika chow mein husambaa miongoni mwa jamaa zetu tunaoishi Marekani, na karibu kila mara hukosea mahali pale pale. Mwandishi anaorodhesha karoti, kabichi, pilipili hoho na njegere alizochuma kwa mkono wake, anaeleza namna ya kuzikata na kuziunga kwa sosi ya soya, kisha mwishoni kabisa anasema tambi zichemshwe na kuchanganywa humo. Chakula hicho ni kizuri na sina neno nacho. Lakini kinaitwa lo mein, na anayetarajia chow mein akaletewa hicho ana haki ya kuuliza.

Kwa ufupi, chow mein ni tambi za ngano ambazo, baada ya kuchemshwa kidogo au kupitishwa kwenye mvuke, hukaangwa kwa mafuta katika karai lenye moto mkali, pamoja na mboga na mara nyingi nyama, kuku au kamba. Lo mein ni tambi za ngano zilizochemshwa, zikachujwa, kisha zikavurugwa na sosi na mboga mpaka zienee. Zote mbili ni vyakula vya Wachina wa Marekani vilivyotokana na mapishi ya jimbo la Guangdong, kusini mwa China, na viungo vyake vinaweza kuwa vile vile kabisa.

Sehemu ya pili ya majina hayo, yaani mein, hutaja tambi za unga wa ngano. Ndiyo maana tambi za mchele haziwezi kuwa chow mein hata zikikaangwa kwa ustadi gani. Zile pana za mchele zina jina lake, chow fun. Sehemu ya kwanza hutaja kitendo. Chow ni kukaanga kwa haraka huku ukigeuzageuza, na lo, kwa Kikanton, lugha ya Guangdong, ni kuopoa kitu majini na pia kukivuruga kichanganyike. Kwa hiyo majina haya yanaeleza mpishi alizifanya nini tambi zake. Hayasemi lolote kuhusu mboga, na hapo ndipo kosa linapoanzia, kwa sababu msomaji huona mboga nyingi sahanini akadhani ndizo zilizokipa chakula jina. Mtu akipika wali mweupe, kisha akaumwagia mchuzi wa nyama uliotiwa viungo vyote vya pilau, hakuna Mswahili atakayekubali kuuita pilau, hata kama bizari, mdalasini na nyama vimo kwa kipimo kamili.

Lipo jambo linalozidisha mkanganyiko, na ni haki kulitaja. Huko Guangzhou na Hong Kong, lo mein huletwa mezani ikiwa tambi zilizotoka majini na kutiwa sosi, na supu yake huwekwa pembeni katika bakuli. Haipiti kwenye karai. Migahawa ya Marekani ndiyo iliyoipitisha huko, ikazoea kupika mboga na sosi kwanza na kutupia tambi laini mwishoni ili zishike ladha. Tangu hapo vyakula vyote viwili vimekuwa vikitoka katika karai moja, na anayetazama kwa mbali haoni tofauti. Tofauti iko katika mpangilio: katika chow mein, tambi huingia kwenye mafuta ya moto zikiwa kavu, kabla sosi haijafika, katika lo mein huikuta sosi tayari imo.

Jina lilianzaje kuhama kutoka kwenye tambi kwenda kwenye mboga? Wachina wengi walioingia California baada ya dhahabu kugunduliwa mwaka 1848 walitoka katika wilaya chache za Guangdong, hasa Taishan, na matamshi ya Kitaishan ndiyo yaliyoleta tahajia ya chow mein katika Kiingereza. Maelfu yao walijenga upande wa magharibi wa reli iliyounganisha pwani mbili za Marekani mwaka 1869. Kisha ikaja sheria ya 1882 iliyowafungia mlango vibarua wa Kichina, ambayo haikufutwa hadi 1943. Wafanyabiashara waliruhusiwa, na mwaka 1915, baada ya uamuzi wa mahakama, wenye migahawa nao waliweza kuhesabiwa katika kundi hilo. Kufungua mgahawa kukawa njia ya halali ya kuingia nchini na kuleta jamaa, na migahawa ya Kichina ikaongezeka hata katika miji ambayo haikuwa na Wachina wengi.

Wateja wa miji hiyo walikuwa tayari wamezoea chop suey, mchanganyiko wa vipande vya nyama na mboga katika rojo iliyokolezwa kwa wanga, inayoliwa na wali. Mpishi mwenye sufuria kubwa ya rojo hiyo alikuwa na njia rahisi ya kupata vyakula viwili: akiimwaga juu ya wali iliitwa chop suey, akiimwaga juu ya tambi zilizokaangwa mpaka zikakauka iliitwa chow mein. Jambo hili halikuwa udanganyifu. Kusini mwa China upo upishi wa kale wa kukaanga tambi mpaka zishikane kama mkate bapa, kahawia pande zote mbili, kisha kumwagiwa mchuzi mzito juu, na chow mein ya tambi kavu ya pwani ya mashariki ya Marekani ni mtoto wa upishi huo. Tambi bado zilikuwa zimekaangwa, kwa hiyo jina lilikuwa na haki yake.

Makopo ndiyo yaliyolihamisha. Kampuni ya La Choy ilianzishwa Detroit mwaka 1922 na Wally Smith pamoja na Ilhan New, mzaliwa wa Korea, na biashara yao ya mwanzo ilikuwa chipukizi za choroko. Katika miaka ya 1940, Jeno Paulucci, mtoto wa wahamiaji wa Kiitalia, alianzisha Chun King huko Duluth, katika jimbo hili la Minnesota ninakoishi. Makampuni haya yaliuza rojo ya mboga kwenye kopo na vijitambi vifupi vilivyokwisha kukaangwa kiwandani kwenye kopo jingine. Mama wa nyumbani alipasha rojo moto na kunyunyiza vijitambi juu. Vizazi viwili vilivyokula hivyo viliona kwamba chow mein ni ile rojo, na kwamba tambi ni pambo. Mpaka leo, ukiagiza chow mein ya mtindo wa Minnesota, unaweza kuletewa lundo la selari, chipukizi na nyama ya kusaga, na tambi kiasi cha konzi moja juu yake. Naiheshimu kama chakula cha mahali hapa, chenye historia yake, lakini ndiyo iliyozaa mazoea ya kuandika maelekezo yanayoanza na mboga.

Nimetaja choroko, na ningependa zisipitwe hivi hivi, kwa kuwa msomaji wetu huzijua kama mboga ya nazi na hajui kwamba zile nyuzi nyeupe nene katika chow mein ni choroko hizo hizo. Huhitaji hata bustani. Unaziloweka usiku kucha, unazichuja, unaziweka katika chombo chenye matundu mahali pa giza, unazisuuza mara mbili au tatu kwa siku, na baada ya siku nne au tano zimechipua kiasi cha kutosha. Giza ni la lazima, kwa sababu mwanga huzitia ukijani na uchungu. Wakati wa majira ya baridi, theluji ikiwa imefunika kila tuta, hiyo ndiyo mboga ya nyumbani pekee ninayoweza kuahidi.

Sasa niseme kwa nini mboga za bustani, ambazo ni bora kuliko za dukani kwa kila hali, ndizo zinazowafanya wengi wapike lo mein bila kukusudia. Sababu ni maji. Mboga ya majani kama pak choi, ndugu wa karibu wa ile inayouzwa masokoni Tanzania kwa jina la chainizi, ni maji kwa zaidi ya tisa ya kumi ya uzito wake, na iliyochumwa asubuhi imejaa pomoni. Juu ya hayo, mboga ya bustani huja na udongo, hasa mchanga unaojificha pale mabua yanapokutana na shina, kwa hiyo mpishi huitenganisha jani kwa jani, huisuuza, kisha huitia karaini ikiwa bado inachuruzika. Maji yakiwapo karaini, joto la pale yalipo halipandi sana juu ya nyuzi 100, ilhali ule ukahawia wenye harufu tunaoutafuta huanza kujitokeza vizuri kwenye kama nyuzi 140. Tambi zikitumbukizwa katika hali hiyo hazikaangiki kamwe. Zinanyonya maji ya mboga, zinavimba, na zinakuwa lo mein iliyopoteza hata ile sosi nzuri ya lo mein.

Tiba ni kuanza na tambi. Chukua tambi za mayai za Kichina, zile za manjano zenye mnato wa kurudi unapozivuta. Tambi nyingi za Kikanton hupata rangi na mnato huo kwa maji yenye chumvi za jamii ya magadi yanayotiwa kwenye unga. Zichemshe muda mfupi kuliko pakiti inavyosema, zichuje, kisha zitandaze kwenye sinia zikauke juu kwa karibu nusu saa wakati unashughulika na mboga. Pasha karai mpaka mafuta yaanze kumeremeta, zitandaze, na uziache. Hapa ndipo mikono ya wengi inapowashwa. Neno kukaanga huku ukigeuzageuza limewafanya waamini kwamba mwiko haupaswi kutulia hata nukta moja, ilhali tambi zinahitaji dakika mbili za kugusana na chuma bila kusumbuliwa ili upande wa chini ushike rangi. Ukisikia mlio wa maji ukipungua na ukanusa kitu kinachokaribia harufu ya mkate uliookwa, zigeuze, zipe upande wa pili muda wake, kisha zitoe.

Mboga zilizofutwa kwa kitambaa mpaka zikakauka ndizo zifuate katika karai hilo hilo, kidogo kidogo, ngumu kwanza: karoti na mabua ya pak choi, kisha njegere changa zinazoliwa na ganda lake, kisha majani, na chipukizi za choroko mwisho kabisa. Jiko la nyumbani halina moto wa jiko la mgahawa, na ukijaza karai mpaka pomoni litapoa, maji yatatoka, na utakuwa unachemsha. Chumvi isitangulie, kwa sababu huvuta maji. Mboga zikiwa bado zina ukakamavu, rudisha tambi, mwaga vijiko viwili vitatu vya sosi ya soya kwenye ukingo wa karai ili ikutane na chuma cha moto kabla ya kukutana na chakula, pindua mara chache, pakua.

Ni lazima niongeze kwamba matumizi ya majina hayafanani Marekani nzima. Pwani ya magharibi, ukisema chow mein utaletewa tambi laini zilizokaangwa pamoja na kabichi, na mlolongo wa migahawa wa Panda Express, ulioanzia California mwaka 1983, umeusambaza mtindo huo nchi nzima. Pwani ya mashariki wengi bado wanatarajia tambi kavu zinazovunjika, na tambi laini huziita lo mein zote. Siwezi kumwambia mtu wa San Francisco kwamba anakosea, kwa sababu tambi zake, hata kama ni laini, zimekaangwa. Kipimo ni hicho, si ulaini wala ukavu.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye bustani, usibadilishe mboga zako hata moja. Tia zukini ukitaka, tia majani ya maboga, tia sukuma wiki iliyokatwa nyembamba. Hakuna mpishi wa Taishan aliyepika mbali na kwao bila kutumia kilichokuwapo. Na ikiwa umechemsha tambi na kuzichanganya na mboga zenye sosi, liite lo mein bila unyonge wowote, kwa kuwa si chakula cha daraja la chini. Lakini ukitaka kubaki na jina la chow mein, basi katika maelekezo yako andika mstari wa kukaanga tambi kabla ya mstari wa karoti.