Salamanda wa Jemez na gogo lililooza

Afrika Mashariki hatuna salamanda, ndiyo maana wengi wakimwona pichani humwita mjusi. Huyu ni jamaa ya chura: ngozi yake haina magamba, ni laini na haina budi kuwa na unyevu. Salamanda wa milima ya Jemez, jimboni New Mexico, Marekani, hana hata mapafu. Hewa huiingiza kupitia ngozi, kwa hiyo ngozi ikikauka, pumzi imekatika.

Hapatikani kwingine kokote duniani. Sehemu kubwa ya mwaka hujificha ardhini, kwenye nyufa za miamba ya volkano, na hupanda juu mvua za Julai hadi Septemba zikinyesha. Mayai hutagwa nchi kavu. Hakuna kiluwiluwi, mtoto huanguliwa akiwa na miguu yake minne.

Akiwa juu, makao yake ni chini ya mawe na ndani ya magogo. Hapa naomba tuelewane, maana watu huliona gogo bovu kama takataka ya msitu. Mti mkubwa ukianguka huchukua miaka mingi kuoza, na muda wote huo huhifadhi maji na ubaridi hata jua likiwaka. Kijiti hakiwezi kazi hiyo.

Zamani mioto midogo ilipita msituni mara kwa mara, ikala nyasi na matawi makavu, miti mikubwa ikabaki imesimama. Kisha mifugo ikamaliza nyasi zilizoeneza mioto hiyo, na serikali ikaanza kuzima kila moto. Miche ikasongamana, ikawa kuni za moto mkubwa. Juni 2011 mti uliangukia waya wa umeme huko Las Conchas, katika milima hiyo ya Jemez, moto ukazuka. Zaidi ya hekta 60,000 zikaungua. Palipoungua miti yote, jua lilishuka moja kwa moja hadi kwenye udongo, ukakauka. Mwaka 2013 sheria ya Marekani ilimtambua salamanda huyu kuwa yumo hatarini kutoweka.

Dawa mojawapo ni kupunguza miti midogo na kuwasha moto mdogo wa makusudi wakati salamanda wako ardhini. Ni kazi ya hatari: mwaka 2000 moto wa aina hiyo uliponyoka, ukateketeza nyumba za watu mjini Los Alamos. Hata hivyo mimi naiunga mkono, mradi upepo na ukame vipimwe kwanza, na magogo makubwa yaachwe palepale yalipoangukia.