Upepo wa Loiyangalani na maikrofoni yangu

Mimi ni mnasa sauti. Kazi yangu ni kurekodi nyimbo, ngoma na masimulizi, na kwa miaka mingi nimeishi kwa kanuni moja: amka alfajiri, kabla upepo haujaamka. Loiyangalani, mji mdogo kando ya Ziwa Turkana kaskazini mwa Kenya, ilinivua kanuni hiyo usiku wa kwanza tu.

Nilikuwa nimekwenda kwenye Tamasha la Utamaduni la Ziwa Turkana, ambalo tangu 2008 hukutanisha jamii zaidi ya kumi za Marsabit: Warendille, Wagabra, Wasamburu, Waturkana, Wadasanech, Waelmolo na wengine. Barabara ya Maralal, Baragoi na South Horr siisimulii. Kiuno changu bado kinaikumbuka.

Kufikia saa kumi usiku hema lilikuwa linajipiga makofi lenyewe. Upepo wa huko hutoka kusini-mashariki, ukabanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, ukaongeza kasi kama mto unaopita penye magenge. Na hushika nguvu usiku hadi asubuhi, kisha alasiri hulegea. Si ajabu kwamba kule kusini mwa ziwa wamesimamisha mitambo 365 ya umeme wa upepo. Mahali pazuri kwa pangaboi ni jehanamu kwa maikrofoni.

Upepo ukikipiga kiwambo cha maikrofoni, kinachorekodiwa si ule mluzi unaousikia masikioni, bali ngurumo nzito ya sauti za chini. Kizimba cha plastiki chenye koti la manyoya husaidia, kwa kuuvunja upepo kabla haujafika. Kichujio nacho hukata kila sauti iliyo chini ya hezi 80 (mitetemo 80 kwa sekunde), tuseme, ila hakichagui. Nyimbo nyingi nilizosikia pale hazikuwa na ngoma ya kuwambwa. Mdundo wake ni makofi, koo na nyayo. Waturkana wanaporuka edonga, ngoma yao ya kurukaruka, kile kishindo cha miguu mchangani kinakaa mle mle ilimo ngurumo ya upepo. Ukiutoa upepo, umemtoa na mchezaji.

Kwa Waelmolo sikuthubutu kabisa kuwasha kichujio. Ni wavuvi wachache sana, lugha yao ya asili ilizimika karne iliyopita, na leo husema Kisamburu. Kilichokatwa wakati wa kurekodi hakirudi, kwa hiyo niliacha takataka zote ziingie. Nitazisafisha nikiwa nyumbani.

Basi edonga nikaipigania alasiri, joto likichoma mpaka chuma cha kinasa sauti hakishikiki. Nilikuwa nimesimamisha mlingoti nje ya duara, juu ya vichwa vya watu. Mzee mmoja akanitazama weee, kisha akasema, "Kijana, huo mti wako utoe huko. Ingia ndani. Watu ndio ukuta."

Alikuwa sahihi, na fizikia iko upande wake: karibu na ardhi upepo huenda polepole zaidi, na duara la miili huukinga. Nikaiweka maikrofoni chini, juu ya kanga iliyokunjwa, hatua mbili kutoka kwa warukaji. Ngurumo ikapungua. Kishindo kikaja kizima, mpaka mchanga ulivyomwagika unausikia.

Katikati ya rekodi hiyo yupo pia mtoto, karibu kabisa na yale manyoya, anauliza kwa Kiswahili safi: "Huyu mbuzi mbona hana miguu?"