Dirisha mpya ndani ya kadre ya zamani, ni kusema nini?

Hapa Bukavu mutu akisema "nabadilisha madirisha" anaweza kuwa anasema kazi mbili tofauti kabisa, na mara mingi yeye mwenyewe hajui ni gani amelipa. Ya kwanza, fundi anakuja na burini na nyundo, anangoa kila kitu mpaka matofali yanaonekana, anaingiza dirisha nzima, kisha masoni anarudisha sima na mupakaji anarudisha rangi. Ya pili, fundi anaacha kadre ya zamani, ile fremu yenye inashika dirisha, palepale mu ukuta, anatoa tu zile batan zenye kufunguka pamoja na vitri zake, na ndani ya ile kadre anasukuma dirisha mpya, ndogo kidogo, yenye kadre yake nyembamba. Hii ya pili njo nataka kueleza. Kwa Kifaransa cha mamenizie, wale mafundi wa mbao, inaitwa poze ya renovasio, na ile ya kungoa yote wanaita depoze totale.

Ju ya nini mutu achague ya pili? Ukuta hauguswi, basi. Mwenye ameishi mu nyumba wakati wanavunja pembeni ya madirisha anajua ile vumbi, inaingia mpaka mu sufuria yenye imefunikwa, na kisha dirisha kuisha unaanza kutafuta rangi yenye kufanana na ile ya zamani na haupati. Kwa kadre ya zamani fundi mzuri anaweza kumaliza dirisha moja mu masaa machache na jioni mukalala mule. Na kama ndani tuko na lambri ao karo zimefika mpaka kwenye dirisha, hapo kungoa ni hasara juu ya hasara.

Lakini sasa, kitu chenye watu hawataki kusikia ni kwamba hii kazi yote inabebwa na kadre ya zamani. Ikiwa imeoza ao imelala, dirisha mpya ya bei gani haitasaidia, umevalisha mugonjwa koti tu. Kwa hiyo kabla ya kuenda kuangalia alimini na vitri za rangi, anza na kadre.

Kama ni ya mbao, chukua kisu ao turnevisi, dunga kona mbili za chini, na ule ubao wa chini wenye maji ya mvua yanalalaka juu yake. Mbao mzima kisu kinagota, mbao yenye imeoza kisu kinaingia sawa mu ndizi. Usidanganywe na rangi, ju rangi inaweza kuwa nzuri kabisa na nyuma yake hakuna kitu. Kama ni chuma, zile shasi nyembamba za nyumba za zamani, za wakati muji bado unaitwa Costermansville, angalia kutu fasi chuma inaingia mu sima. Kutu ya juu juu unasugua unapaka antiruye inaisha, lakini kutu yenye imevimba mpaka imepasua sima pembeni, ile chuma imeshakufa, ngoa. Na ukisugua rangi ya zamani fanya kwa maji, weka watoto mbali, ju rangi za kizamani mara mingi zilikuwa na risasi ndani na vumbi yake ni sumu hasa kwa watoto.

Sasa vipimo. Hapa nitakaa kidogo ju njo fasi pesa inapotea.

Fundi wengi wanapima upana mara moja katikati, urefu mara moja, wanaandika kwa kalamu juu ya mkono, wanaenda. Inafaa kupima upana fasi tatu, juu, katikati na chini, na urefu fasi tatu, kushoto, katikati na kuume, na unapima ndani ya kadre kwenye mbao yenyewe, haiko kwenye sima ya nje. Kisha unachukua kipimo kidogo kupita vyote. Haiko wastani, ni kile kidogo, ju dirisha inapita fasi ile ndogo ao haipiti. Kwenye kile kidogo unatoa tena karibu sentimita moja, ni kusema milimita tano kila upande, ya kupitisha kabari na silikoni na ya kuacha dirisha ipumue. Alimini inavimba mu jua: mita mbili ya alimini ikipata joto ya digri 30 zaidi inaongezeka karibu milimita moja na nusu, na PVC inaongezeka karibu mara tatu ya ile. Ukibana bila nafasi, saa saba ya mchana dirisha inakataa kufunguka na unaanza kulaumu kitasa.

Hiyo yote bado haitoshi, na niliijua kwa tantini yangu. Nyumba yake iko na kadre za libuyu, mbao nzuri, kisu hakiingii hata kidogo. Fundi alipima upana fasi tatu: sentimita 100 juu, 100 katikati, 100 chini. Urefu 120, tatu zote sawa. Tantini akafurahi, mimi pia, tukasema kadre ni mzima. Atelye ikatengeneza dirisha ya 99 kwa 119, nzuri, imenyooka. Wakaileta, wakaisukuma, chini ikaingia, juu kona moja ikagoma. Wakageuza. Ikagoma kona ingine. Mutoto mwenye alikuwa anashika upande wa nje akasema "Papa fundi, ni ukuta njo mubaya", fundi akamwambia anyamaze ashike.

Kumbe mutoto alisema kweli. Kadre ilikuwa imelala upande, sawa kitabu chenye umesimamisha halafu kikaegama. Upana unabaki 100 kila fasi, urefu wa pande unabaki ileile, lakini kona haziko tena za ekeri, ni kusema za digri 90. Na dirisha mpya iko ya ekeri kabisa, haijui kuegama. Kama kadre imeegama sentimita 2 kutoka chini mpaka juu, ile nafasi yenye kunyooka mule ndani haiko 100 tena, ni 98, na hapo bado haujatoa ile sentimita ya kabari. Dirisha yetu ya 99 haingeingia imenyooka hata tungeisukuma mpaka kesho.

Cha kuonyesha ile kitu kwa urahisi ni diagonali. Unashika metre kutoka kona ya chini kushoto mpaka juu kuume, kisha unabadilisha. Kwa kadre ya 100 kwa 120 yenye iko sawa, zote mbili zinatoa 156 na kitu. Ikiegama sentimita 2, moja inapita ingine kwa sentimita 2 na nusu hivi, na hiyo hata kamba ya kawaida inaonyesha, haikuombi metre. Mimi siku hizi kabla ya kuzungumza bei namwomba fundi, kwa heshima, "Muzee, tupime na diagonali", na kwa namna anavyonijibu ninajua kama nimwachie kazi ao hapana. Zikipishana milimita tatu nne, usijali, kabari itameza. Zikipishana zaidi ya sentimita moja, kuna mazungumzo.

Huku kwetu kuegama haiko kitu cha ajabu. Siku ya mungu ile ya tarehe 3 Februari 2008 ardhi ilitetemeka kwa nguvu ya karibu 6, nyumba mingi za Bukavu zilibaki zimesimama lakini ziliteleza kidogo mu kona, na watu walipaka sima kwenye nyufa wakasahau. Goma nayo kisha volkano ya Nyiragongo kupasuka tarehe 22 Mei 2021 walikaa siku na siku ardhi inatikisika. Na bila hata tetemeko, milima yetu yenyewe inashuka kadogo kadogo, waulize wenye wako Kadutu. Kwa hiyo ukiona mulango wako wa ndani unakwaruza sakafu fasi haukukuwa unakwaruza, ujue na madirisha ya upande ule haiko ya ekeri tena. Na kama ufa ungali unafunguka, unaona mastike ya mwaka jana imeshapasuka, usiweke dirisha mpya kwanza, angalia musingi.

Kitu ingine yenye wauzaji hawasemi ni mwangaza. Kadre ndani ya kadre inakula vitri. Chukua ileile 100 kwa 120: ukipoteza sentimita 4 kila upande unabaki na 92 kwa 112, ni kusema umepoteza karibu 14 kwa mia ya mwangaza. Kwa sebule haionekani sana. Lakini dirisha ya choo ao ya jiko ya 60 kwa 60 inabaki 52 kwa 52, na hapo robo nzima imeenda, asubuhi utawasha taa kukata vitunguu. Kwa madirisha madogo mimi nasema ngoa yote, ao achana na dirisha ya kufunguka mbili mbili, chukua batan moja tu ju kila batan inaleta ubao wake wa katikati.

Antivole pia, zile vyuma za kuzuia wezi. Kwetu mingi zimepigwa sude, zimeunganishwa kwa moto, kwenye shasi yenyewe ao zimeingia mu sima upande wa nje, kwa hiyo batan haiwezi kufunguka kuenda nje. Ya zamani pengine ilikuwa inafunguka ndani na haukuwahi kufikiri, sasa unaagiza mpya kwa picha mu simu, inakuja ya kufunguka nje, inagonga chuma. Chagua yenye kufunguka ndani ao ya kulisa, yenye kuteleza pembeni, lakini ujue kulisa inafungua nusu tu ya nafasi, na mu chumba chenye makaa yanaingia wakati wa mvua ile nusu ni kidogo ya kutoa moshi.

Upande wa mata, ni kusema vitu vyenye dirisha inatengenezwa navyo, nitapita haraka. Alimini haiozi, njo inauzwa zaidi, lakini ikigusana na chuma ya zamani na maji katikati inaanza kulika yenyewe, inatoka unga mweupe, kwa hiyo kati ya shasi ya chuma na alimini paka rangi nzito ao weka kipande cha kaucho, na visi ziwe za inox. Sima mbichi pia inaunguza alimini, ile karatasi ya plastiki yenye inakuja nayo usiitoe mpaka masoni aende nyumbani. PVC ni nzuri ila profili zake ni nono, zinakula mwangaza zaidi. Mbao bado ni mbao, kama iko kavu. Vitri mbili mbili, zile za dubli, Bukavu hatuna baridi ya Ubelgiji, tuko mita 1.500 hivi juu ya bahari na usiku unavaa triko basi, kwa hiyo kulipia dubli ju ya baridi sioni maana. Ju ya kelele ndiyo, kama unalala pembeni ya barabara ya Essence ao karibu na kanisa yenye baffle kubwa, hapo naelewa. Lakini kumbuka vitri dubli ni nzito, na visi za kadre ya zamani njo zitabeba.

Na siku ya kuweka, angalia kitu kimoja chini ya dirisha: yale matundu madogo ya kutoa maji. Mvua ya hapa inapiga ya pembeni, maji inaingia mu reli ya chini kwa vyovyote, dawa yake haiko kuizuia, ni kuiacha itoke. Nimeona fundi anafunga yale matundu na silikoni kwa moyo safi kabisa, anasema "nimeona imetoboka, nikasaidia". Kisha mvua ya mwezi wa kumi, maji yanajaa reli, yanamwagika ndani, mwenye nyumba anasema dirisha ni feki. Silikoni inazunguka pande na juu upande wa nje, chini unaacha matundu. Ile povu ya mukebe yenye kuvimba nayo kidogo kidogo, ju ikivimba sana inasukuma kadre mpya na unarudi kwenye shida ya diagonali, safari hii umeitengeneza mwenyewe. Kama unaweza, fanya kazi kati ya mwezi wa sita na wa nane mvua ikiwa imepumzika, mbao ziwe zimekauka zimerudi kwa kipimo chao cha kweli.

Ya tantini waliirudisha atelye, wakakata upya ikawa 97. Pande mbili zikabaki na nafasi ya pembe tatu, upande mmoja nyembamba chini na kubwa juu, ule mwingine kinyume, wakajaza na kabari za libuyu na wakafunika na ubapa wa alimini. Ubapa waliunyoosha na dirisha, haukunyooka na ukuta, kwa hiyo ukilala kitandani unaona mustari wa rangi unaanza kama uzi chini na kufika juu umekuwa kidole. Kila fundi mwenye anaingia mule anaangalia ile kona kwanza, kisha anauliza ni nani alipima, na tantini anajibu "Kula kwanza".