Miaka miwili pekee haikufanyi mke: mahusiano ya siku hizi na kifungu cha 160

Wiki hii nimeulizwa swali lile lile mara tatu na watu watatu wasiofahamiana: "Wakili, tumeshafikisha miaka miwili ya kuishi pamoja, si ndo nimeshakuwa mke wake kisheria?" Nafanya kesi za familia hapa Dar, mwaka wa 11 sasa, na sijaona sheria iliyosambaa mtaani kama hii ya miaka miwili, ila imesambaa nusu, na ile nusu ambayo watu hawaijui ndo inawaliza.

Mahusiano ya siku hizi ni ya kila namna. Kuna wanaotembeleana wikiendi, dada ana mswaki kwa kaka ila funguo hana. Kuna mmoja yuko Dodoma mwingine Mwanza, mapenzi yao yote yapo kwenye simu. Kuna waliozaa na hawajawahi kuishi pamoja hata mwezi. Kuna nyumba ndogo. Kuna wanaolala pamoja miezi na miezi na ukiwauliza nyie ni nani kwa nani wanabaki kuangaliana. Halafu kuna kundi ambalo ndo linajaza ofisi yangu, waliohamiana pole pole, lilianza begi, likaja jiko la gesi, afu mtoto, afu kiwanja, na siku ya kukaa chini kusema "sasa sisi ni mke na mume" haikuwahi kufika. Mimi sina shida na mtu anavyoamua kupenda, shida yangu ni pale mmoja anapojua yuko kwenye ndoa na mwenzie anajua hayupo.

Sasa kifungu chenyewe. Ni cha 160, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na kinahusu Tanzania Bara tu, Zanzibar sheria hii haifiki. Kinasema mwanaume na mwanamke wakithibitika wameishi pamoja miaka miwili au zaidi, tena katika mazingira ya kuwafanya waonekane na kutambulika kama mume na mke, basi itachukuliwa wameoana, mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Soma tena hapo mwisho. Miaka miwili ni kipande kimoja tu. Kipande cha pili ni kutambulika, yaani majirani wanawaitaje, mama mkwe anakuitaje, kwenye msiba wa kwao ulikaa na wakwe au ulikaa na wageni, mjumbe anakujua kama nani. Na kipande cha tatu ni hilo neno "vinginevyo", maana hii ni dhana tu, mwenzio ana haki ya kuja mahakamani kuipinga.

Na wanaipinga kweli. Nilikuwa na mama mmoja (nabadilisha mambo kidogo asitambulike), miaka 7 na yule baba, watoto wawili, nyumba wameijenga kuanzia msingi, yeye akiuza vitafunio asubuhi na hela ya tofali ikitoka humo. Siku ya kesi yule baba akasimama akasema huyu nilimpa hifadhi tu, ni mama wa watoto wangu lakini mke sijawahi kuwa naye. Yule mama alilia mpaka tukaomba tutoke nje kidogo. Kilichomsaidia hakikuwa machozi, kilikuwa mkataba wa pango wa zamani walioandikwa wote wawili, mjumbe aliyekuja kusema nawajua kama Baba na Mama fulani, na meseji za miamala ambazo alikuwa hajazifuta, "nimetuma ya mabati mume wangu", mwezi baada ya mwezi.

Hapa kuna kitu ambacho hata wanasheria wachanga wanakisahau. Hata dhana ya ndoa ikipinduliwa mahakama ikasema nyie hamkuwa mume na mke, kifungu hicho hicho, kijifungu cha pili, kinamruhusu mwanamke kuomba matunzo yake na ya watoto, na mahakama inaweza kutoa amri kama zile za kwenye talaka. Kwenye kesi ya Hemed Tamim na Renata Mashayo, iliyoripotiwa 1994, dhana ilipinduliwa lakini mahakama ikasema bado ina uwezo wa kugawa mali waliyochuma pamoja. Kwahiyo ukiambiwa "wewe hukuolewa huna chako" usifungashe ukaondoka usiku huo huo, njoo kwanza tuongee.

Na kuchuma pamoja hakumaanishi lazima uwe na risiti. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, 1983, Mahakama ya Rufani ilishakubali kwamba kupika, kufua, kulea na kutunza nyumba ni mchango. Watu wengi wanaisifu hiyo kesi bila kujua Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao, kwa sababu mahakama iliona mumewe alishampa hela ya kufanyia biashara na hakuitumia vizuri. Mimi hilo bado linaniuma kila nikiisoma, lakini mlango aliufungua yeye na wanawake wengi wamepita hapo.

Tuje kwenye nyumba ndogo, nitaongea wazi. Kama huyo mwanaume alifunga ndoa kanisani na haijavunjwa, hiyo ni ndoa ya mke mmoja na sheria inamkataza kuoa mwingine ikiwa bado ipo, kwahiyo hata akae kwako miaka 10, akununulie sofa, watoto watatu wamwite baba, dhana ya ndoa inakosa pa kusimama. Zaidi ya hapo, mke wake anaweza kukushtaki wewe akidai fidia ya ugoni, na utetezi wako mkubwa ni kuonyesha hukujua na huwezi kulaumiwa kwa kutokujua. Aliyeoa Kiislamu au kimila ni habari nyingine kwa sababu ndoa hizo zinachukuliwa kuwa za wake wengi, ila bado utathibitisha kila kitu.

Mtoto yeye hadhi yenu haimhusu. Mliishi pamoja, mlionana usiku mmoja, haijalishi, Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa haki ya kutunzwa na baba yake. Anza ustawi wa jamii, na baba akikataa mtoto kipimo cha vinasaba kipo kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ila huendi tu mwenyewe na mtoto mgongoni, maombi yanapitia mahakama, wakili au ustawi.

Wachumba wa mbali nao wana sehemu yao. Ahadi ya kuoana ikivunjwa unaweza kudai hasara uliyoipata, lakini hakuna mahakama itakayomlazimisha mtu akuoe. Na zawadi inarudi kama ilitolewa kwa sharti la ndoa. Ile simu ya siku ya kuzaliwa hairudi.

Kuishi pamoja bila kufunga ndoa wenzetu Kenya wanaita come we stay, na Mahakama ya Juu kule mwezi Januari 2023 ilisema dhana ya ndoa itumike kwa nadra sana, nawaambia hivi kwa sababu wapo wanaotafuta majibu kwenye mitandao ya Kenya afu wanakuja nayo kwenye mahakama za huku.

Kinachoniogopesha zaidi ya kuachana ni kifo. Mkiachana mtu yupo, mtabishana. Akifa, ukoo unakaa kikao, unaandika muhtasari wa kupendekeza msimamizi wa mirathi, na jina lako halipo kwenye ile karatasi. Hapo ndo unaanza kuthibitisha ndoa kwa watu wanaotaka nyumba.

Kwahiyo wale watatu wa wiki hii niliwajibu hivi. Kama wote mnataka, nendeni bomani, mnatoa taarifa, zinahesabiwa siku 21, bila pingamizi mnafungishwa, hakuna anayewaomba ukumbi wala kamati. Na mahari isiyomalizika haibatilishi ndoa. Kama mmoja hataki, muulize kwa nini na usikilize jibu mpaka mwisho. Kama wote hamtaki ndoa, sawa, lakini kiwanja kiandikwe majina mawili na kila mmoja aandike wosia. Wawili wameshasema wataenda bomani. Wa tatu kaniambia anaogopa kumuuliza, nikampa miadi ya Alhamisi na nikamwambia aje na mkataba wa pango.