Kabla ya Kusema ni Simba, Tazama Udongo na Shingo

Malalamiko ya mifugo kuuawa yanaongezeka katika vijiji vinavyopakana na hifadhi, na karibu kila taarifa inayotufikia imeshaandikwa "simba". Uchungu wa mfugaji tunauelewa. Hata hivyo, afisa wanyamapori huthibitisha kwa alama, na mara nyingi alama hizo zimeshakanyagwa na kijiji kizima kabla hajafika.

Simba na chui huficha kucha wanapotembea. Fisi na mbwa kucha zao huonekana kwenye unyayo. Fisi nyayo zake za mbele ni kubwa kuliko za nyuma, na kinyesi chake kikikauka huwa cheupe kwa sababu ya mifupa anayokula. Msihukumu kwa ukubwa tu. Unyayo kwenye tope hutanuka, tumelisema hili mara nyingi.

Mzoga husema zaidi. Simba na chui hukaba koo, na kwa ng'ombe mkubwa simba huweza kubana pua na mdomo. Fisi huanza kurarua mnyama akiwa bado hai. Lakini aliyekutwa akila si lazima awe ndiye aliyeua, kwa kuwa fisi hufuata windo la wengine. Ndiyo maana afisa huichuna ngozi ya shingo: meno yakiingia mnyama akiwa hai, damu huvilia chini ya ngozi, yakiingia ameshakufa, haivilii. Ukishamchuna na kugawana nyama, ushahidi huo umekwisha.

Taarifa ipelekwe mapema kwa mtendaji wa kijiji, ambaye humwita afisa wanyamapori wa wilaya. Afisa atakagua, atapiga picha akiwa ameweka rula kando ya unyayo, kisha atajaza fomu ambayo hatimaye hufika kwa Mkurugenzi wa Wanyamapori. Kinachotolewa kwa mujibu wa kanuni ni kifuta jasho, yaani malipo ya kumpoza mfugaji. Si fidia, wala hakifuati bei ya mnadani. Mbuzi walioraruliwa na mbwa wa kijijini hawamo katika malipo hayo.

Kutia sumu kwenye mzoga ni marufuku. Hufa tai, na mbwa wenu pia. Kadhalika, kuchukua kucha, meno au mafuta ya simba bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya Tanzania ya 2009, hata kama ulimkuta amekufa. Wapo waliofungwa miaka 20 kwa kupatikana na nyara, yaani viungo vya wanyamapori kama hivyo.

Mkiamka mkakuta zizi limevamiwa, funikeni nyayo zilizo wazi kwa beseni, fungeni mbwa, na mzoga uachwe ulipo hadi afisa afike.