Je, wajua kwa nini choo cha shimo chenye bomba hutakiwa kuwa na giza?

Nilipomjengea mama mkubwa choo kijijini, fundi alikiacha ndani giza totoro, na uwazi mdogo tu juu ya mlango. Mimi msomi wa mjini nikamwagiza atoboe dirisha. Bomba refu la nyuma nalo nilidhani linafanya kazi kwa joto tu, harufu ikipanda yenyewe kama moshi. Wiki mbili baadaye mama mkubwa akapiga simu: "Mwanangu, choo kizuri, ila inzi wamehamia."

Choo hiki kilibuniwa Zimbabwe, enzi hizo Rhodesia, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Peter Morgan wa maabara ya Blair. Ndiyo maana kule hukiita choo cha Blair.

Tuanze na bomba. Jua likilipiga husaidia kidogo, lakini kazi kubwa hufanywa na upepo. Basi lenye mapazia likishika kasi, pazia hutoka nje ya dirisha bila mtu kulivuta. Upepo unaopita mdomoni mwa bomba hufanya vivyo hivyo: hunyonya hewa ya shimoni, na hewa safi inaingia juu ya mlango na kushuka tunduni. Kwa hiyo bomba lizidi paa kwa nusu mita hivi, lisikingwe na mwembe, na tundu lisifunikwe. Naam, mfuniko tuliosisitiziwa shuleni hapa unaziba njia.

La inzi ndilo lililoniumbua. Inzi hufuata harufu, na harufu sasa inatokea kileleni mwa bomba, penye wavu uliofungwa mdomoni mwake. Wachache hupenya tunduni na kutaga. Watoto wao wakiota mabawa, hutafuta mwanga. Umewahi kumwona inzi akijigonga kwenye kioo mchana kutwa, na mlango uko wazi hatua mbili pembeni? Ndivyo alivyo. Chooni kukiwa na giza, mwanga anaouona akiwa shimoni ni ule wa juu ya bomba: anapanda, anagonga wavu, anachoka, anaanguka. Dirisha langu liliwaonyesha njia nyingine ya kutokea.

Mwaka 1975 Morgan alitega inzi kwenye vyoo viwili kwa siku 78. Kisicho na bomba kilitoa inzi 13,953. Chenye bomba, 146. Ni vyoo viwili tu, lakini pengo hilo nililikumbuka vizuri nilipokuwa nikiziba dirisha kwa tofali.

Isidhaniwe kwamba inzi wakipungua, na kuhara kumekwisha. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018, uliofanywa Bungoma, Kakamega na Vihiga nchini Kenya, uliboresha vyoo, maji na unawaji mikono, na kuhara kwa watoto hakukupungua. Faida nyingine hazingoji utafiti: mama mkubwa hasubiri tena usiku uingie ndipo aende vichakani.

Mbu je? Hao hawavutwi sana na mwanga wa bomba. Wengi hutokea tunduni. Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, vyoo vyenye maji vilimwagiwa punje nyeupe za polistirini, jamii ya zile zinazojaa kwenye maboksi ya televisheni. Zikaelea juu ya maji kama blanketi, viluwiluwi wakakosa pa kuvutia pumzi.