Umeokoka na nini?

Kila Januari napokea vijana watatu au wanne waliotumwa Pwani kuhubiri Injili. Wengi hutoka bara, wengine Tanzania, mara mojamoja Mkorea au Mjerumani. Kazi yangu ni kuwalea mwaka wa kwanza: kuwatafutia nyumba, kuwapeleka kwa mwalimu wa Kiswahili, na kukaa nao Ijumaa jioni nikiwauliza hali za roho zao. Hilo la mwisho ndilo huwashangaza. Wametumwa kwa ajili ya roho za watu. Za kwao wanadhani walishamalizana nazo chuoni.

Nami nilidhani hivyo hivyo.

Nilifika Kisauni, Mombasa, mwaka 2009 nikitokea Kakamega, na diploma ya theolojia, gitaa, na katoni ya trakti, vile vikaratasi vya Injili vya kugawa. Nikapanga chumba Mishomoroni, kwenye nyumba ya Swahili yenye vyumba sita na ukumbi katikati. Mwenye nyumba na mkewe walikaa vyumba viwili vya mbele, na mama huyo alikuwa akikaanga mahamri barazani tangu saa kumi na moja alfajiri. Wiki yangu ya pili, nimesimama kununua mahamri manne na mbaazi za shilingi ishirini, nikaona mlango wa huduma umefunguka. Nikamwambia, "Mama, mimi nimeokoka."

Akageuza hamri kwenye karai, akaliacha livimbe, akaniangalia toka kichwani hadi miguuni kama anayetafuta bandeji. "Alhamdulillahi," akasema. "Umeokoka na nini, mwanangu?"

Aliyelelewa katika makanisa ya bara ataelewa kwa nini nilikwama. Kwetu, tangu Uamsho, ule mwamko wa Kikristo ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, neno hilo limekuwa kama jina la ukoo. Ukisema umeokoka, watu washajua hunywi, huvuti, na Jumatano jioni uko kwenye ushirika. Hakuna anayeuliza zaidi. Lakini kwa mama yule neno lilikuwa bado na maana yake ya nyumbani. Mtu huokoka na moto, na maji, na ajali ya matatu pale Buxton. Haokoki hivi hivi tu. Nikajibu, "Na dhambi." Akauliza, "Zipi?" Hakuwa na ubishi wowote, aliuliza kama mtu anavyouliza basi lililopinduka lilikuwa la kampuni gani.

Nikalipa, nikaondoka na mahamri yangu.

Ningekuwa na imani hai siku ile, jibu lingekuwapo. Nilichokuwa nacho ni mafundisho, tena sahihi, ambayo ningeweza kuyatetea mbele ya mwalimu yeyote. Kumbe mtu anaweza kujua njia zote za jiji kwenye ramani na asiwahi kushuka stejini.

Sasa ripoti. Shirika lililonituma lilitaka fomu kila miezi 3: nyumba ulizotembelea, trakti ulizogawa, waliookoka, waliobatizwa. Siwalaumu sana, kwani pesa za watu lazima zitolewe hesabu. Lakini robo ya kwanza safu ya waliookoka ilikuwa sufuri. Ya pili sufuri. Ya nne nikaandika 7. Hao saba walikuwa watoto wa mtaani kwetu waliokuja kusikiliza gitaa nikawaambia wainue mikono, wakainua, maana mtoto ukimwambia ainue mkono huku umeshika gitaa atainua yote miwili. Nilijua ninachofanya. Barua ya pongezi ikaja, na nikaisoma mara tatu, na furaha niliyoipata ndiyo iliyonitisha. Sikuwa nimefurahi hivyo nikiomba kwa muda gani? Sikukumbuka.

Vijana wangu huwa nawasomesha Luka 10 hapo. Wale sabini wanarudi na ripoti nzuri kabisa, hata pepo wanawatii. Yesu hawakatazi kufurahi, ila anaihamisha furaha yenyewe: wasifurahi kwa sababu pepo wanawatii, wafurahi kwa kuwa majina yao yameandikwa mbinguni. Maneno hayo hakuambiwa mtu aliyeshindwa kazi. Waliambiwa waliofaulu. Mmishenari akishaanza kujipima kwa safu ya fomu, mafanikio yatamkausha upesi kuliko kushindwa, maana aliyeshindwa angalau atalia.

Kuna aliyepita njia hii kabla yetu, nami nilipokisoma kisa chake nilihisi kama nimefumaniwa. John Wesley alikuwa kasisi wa Kianglikana aliyekwenda kuwa mmishenari Georgia, Marekani, mwaka 1735. Januari 1736, meli ikiwa bado baharini, dhoruba ilipasua tanga kuu wakati kundi la Wamoravia, Wakristo wa Kijerumani, lilipokuwa katikati ya zaburi. Waingereza wakapiga mayowe. Wamoravia wakaendelea kuimba. Wesley aliliona hilo na hakulisahau. Alipokuwa akirudi Uingereza, kazi ya Georgia ikiwa imemvunjikia mikononi, aliandika kwamba alikwenda Amerika kuwaongoa Wahindi Wekundu, wenyeji wa kule, lakini nani atamwongoa yeye?

Watu hupenda kukimbilia mwisho wa kisa, ile jioni ya tarehe 24 Mei 1738 katika Aldersgate Street, London, alipousikia moyo wake ukipata joto la ajabu. Mimi hukaa kwenye miezi iliyotangulia. Alitaka kuacha kuhubiri, kwa kuwa aliona hana imani anayoihubiri. Mmoravia aitwaye Peter Böhler akamwambia asiache: ahubiri imani mpaka aipate, na akishaipata ataihubiri kwa kuwa anayo. Ushauri huo nauogopa kidogo. Mtu mwongo akiupata, umempa leseni. Tofauti ya Wesley ni kwamba alikuwa ameshamwambia mtu ukweli. Alikiri kwanza, ndipo akaambiwa aendelee. Kwa hiyo ninapokaa na kijana Ijumaa jioni, swali langu si kama amepungukiwa. Wote hupungukiwa. Nauliza ni nani mwingine anayejua.

Mimi hakuna aliyejua, ila pengine mzee mwenye nyumba, naye hakuambiwa. Aliamka kila siku kabla ya adhana. Alitia udhu chini ya dirisha langu, na kwa kuwa maji tulinunua ya mkokoteni, mtungi wa lita 20, alitumia kopo moja tu, nusu yake akiirudisha kwenye ndoo. Nilijifunza mpangilio wa sauti zile nikiwa kitandani: mikono, mdomo, pua, uso, kisha kimya, kisha kandambili zikielekea msikitini. Hakuna aliyempigia makofi. Hakuna fomu. Mvua ya Mei ikinyesha, kopo lilikuwa pale pale.

Najua kuna atakayeniandikia kwamba nimekwenda kuhubiri nikarudi nimehubiriwa. Hapana. Mimi na mzee hatukukubaliana kuhusu Yesu ni nani, na tulilizungumza hilo barazani mara nyingi kwa kahawa chungu, bila kufichana. Alichonionyesha ni kwamba sala zangu zote zilikuwa na wasikilizaji. Niliomba kanisani, niliomba kwa wagonjwa, niliombea chakula kwa sauti nzuri. Nilipokuwa peke yangu nilikuwa kimya kama redio iliyoishiwa betri. Mganga hajigangi, na mimi nilikuwa mganga mwenye foleni.

Nikaanza kuamka kwa kopo lake. Nikajiwekea sheria moja ambayo hadi leo nawapa wote wanaopita mikononi mwangu: chochote nitakachosoma saa hiyo, nisikihubiri kwa mwaka mzima. Ijaribuni, mtaona ilivyo ngumu. Wiki za mwanzo kila mstari uligeuka kuwa vichwa vitatu vya mahubiri kabla sijaumaliza. Huo ndio ugonjwa wenyewe wa kazi yetu: Neno linapita kwetu kama maji kwenye bomba, na bomba halinywi. Siku ya arobaini hivi nikafika Zaburi 88. Nyingine za maombolezo hupanda mwishoni, hata ile ya 13 inayoanza na "hata lini" humalizika kwa kuimba. Hii ya 88 inaishia gizani, basi. Haina kichwa cha tatu. Nilikaa nayo asubuhi nne, na asubuhi ya nne nikaomba kwa mara ya kwanza bila kuwa na mtu wa kumridhisha. Nilisema nimedanganya. Nilisema saba ni sufuri. Moyo haukuwaka chochote, nisiwadanganye tena. Nilihisi tu kama mtu aliyetua mzigo kichwani, shingo bado inauma.

Wiki hiyo nikaandika barua kusahihisha ripoti. Hakuna aliyenijibu.

Si kila ukavu ni wa kiroho, na hapa wengi wetu tunakosea. Eliya katika 1 Wafalme 19 anaomba afe, na malaika hamfundishi kitu. Anampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, anamwacha alale, anamwamsha ale tena. Sauti ndogo ya utulivu inakuja baadaye, kule Horebu. Kijana akiniambia Mungu yuko mbali, kwanza nauliza amelala saa ngapi, ana neti, amepimwa malaria, anakula nini. Joto la Machi hapa Mombasa limekausha maombi ya watu wengi kuliko shetani. Siku moja ya mapumziko kwa wiki si anasa; nikimwona mtu anajivunia kutoipumzika namkalia kitako.

Mwezi wa tatu huwapeleka Nyali, upande wa bahari, kwenye kaburi la Rosine Krapf. Mumewe, Johann Ludwig Krapf, alikuja Mombasa mwaka 1844 kwa niaba ya CMS, shirika la wamishenari wa Kianglikana la Uingereza. Julai mwaka huo huo mkewe akafa kwa homa, na mtoto wao mchanga wa kike naye hakuishi. Siwapeleki pale ili walie, wala kuwasifu Wazungu waliokufa. Nawaonyesha jambo lingine. Mwezi mmoja tu kabla, Juni 1844, Krapf alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyekaa naye kumsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa, Ali bin Mueddin. Mtu aliyekuja kufundisha alianza kwa kukaa kama mwanafunzi, na mwalimu wake alikuwa Mwislamu. Kisha tunapanda matatu hadi Mazeras, tunakata kwenda Rabai, alikofungua kituo mwaka 1846 pamoja na Johannes Rebmann. Rebmann alikaa miaka 29 bila kurudi kwao Ujerumani. Mkewe alifia huku, macho yake yakafifia, akaondoka mwaka 1875 akiwa karibu kipofu, akafa mwaka uliofuata. Mkristo wao wa kwanza, Mringe, alikuwa mlemavu aliyebatizwa akiwa anakaribia kufa. Hebu jaza fomu kwa hayo.

Mwaka jana kijana mmoja aliniuliza pale pale Rabai kama Rebmann hakupoteza maisha yake. Nilimwambia sijui kama ni sisi wa kuulizwa. Tukanunua maji ya madafu, tukanywa tumesimama.

Lugha nayo ilinichonga, pengine kuliko chochote. Mtu mzima anayejifunza Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, huwa mtoto tena. Nilisema "njia" wakasema "ndia", nikasema "macho" wakasema "mato", na watoto wa darasa la pili wakanisahihisha mbele ya wazazi wao. Siku nilipomsikia mwalimu wangu, bibi wa Kibokoni, akinisomea "mimi ndimi njia" kwa lafudhi yake, "ndia", nilihisi mstari niliouzoea umevuliwa koti. Huwezi kujifunza lugha ya watu huku umejikweza. Vinywa havikuruhusu. Ndiyo sababu sikubali mtu wangu ahubiri miezi sita ya kwanza, hata makao makuu walalamike vipi, na wamelalamika.

Nilihama Mishomoroni mwaka 2014. Asubuhi ya mwisho, mkokoteni wa vyombo ukinisubiri, nilipita barazani. Mama alikuwa pale pale, karai lile lile.

"Shikamoo, mama. Nimepata jibu la lile swali lako."

"Marahaba. Swali gani?" Alikuwa ameshasahau.

"Uliniuliza nimeokoka na nini."

Akasubiri, mwiko mkononi.

"Na kujiona," nikasema.

Akacheka mpaka akashika ubavu, akamwita mzee ndani aje asikie. Kisha akanifungia mahamri sita kwenye gazeti, akakataa pesa.

"Hiyo bado, mwanangu," akasema. "Shika, yanapoa."